Gute kwa mwanamuke kijana: tusitafute mulozi, tupime figo

Mu makartye ya wafanyakazi wa mine, tangu Kipushi mpaka Kolwezi, kuko ugonjwa moja wenye watu wanafikiri wanaujua muzuri. Wanasema ni ugonjwa wa wanaume wenye tumbo kubwa, wale wenye nyama na pombe haviishe ku meza yao. Ku karatasi ya munganga wanaandika goutte. Sisi hapa tutaandika gute.

Juu ya ile mawazo, siku mwanamuke wa miaka 28 anaamuka usiku na kidole kikubwa cha muguu kimevimba, chekundu, kinawaka sawa moto, mpaka shuka haiwezi kukigusa, watu wanakosa namna ya kuelewa. Wengine wanasema: «Alikanyaga kitu.» Wengine: «Ni mama-mukwe njo alimutegea dawa.» Wengine wanacheka: «Eh, madame anazidisha pombe!» Wanamupeleka ku famasi ya karibu, wanamupiga sindano ya diclofenac, kisha siku nne maumivu inaisha, na mambo inafungwa.

Sisi tunasema: mambo haifungwe pale. Pale njo inaanza.

Gute kwa mwanamuke mwenye angali anaona mwezi wake ni kitu cha nadra. Na kwa sababu ni nadra, kila mara inatokea tunapaswa kuuliza ilitoka wapi. Mara mingi jibu liko mu figo, mu dawa zenye alikunywa, ao mu vitu vyenye viliingia mu mwili wake bila yeye kujua. Juu ya ile, tunatetea neno moja tu leo: mwanamuke kijana mwenye gute asirudie nyumbani bila kupimwa figo, na wenye kulipa matunzo ya familia za wafanyakazi wasikatae ile vipimo.

Kwanza tuelewane juu ya ugonjwa wenyewe. Mwili wa kila mutu unatengeneza takataka yenye inaitwa aside uriki. Sehemu moja inatoka mu chembe za mwili zenye kufa kila siku, ingine inatoka mu chakula. Figo njo zinafanya kazi kubwa ya kuitupa: karibu sehemu mbili juu ya tatu inapita mu mukojo, na yenye inabakia inapita mu matumbo. Kama ile aside inapita karibu miligramu 7 mu desilita moja ya damu, inaweza kuanza kugeuka vijiwe vidogo sana vyenye ncha, vyenye vinakaa mu viungo: ku kidole kikubwa cha muguu, ku kifundo, ku goti, ku vidole vya mukono. Siku mwili unaanza kupigana na vile vijiwe, njo maumivu ile yenye inalizisha hata mwanaume mwenye kuzoea kubeba mifuko ya kilo 50.

Wanamuke wako na mulinzi. Homoni yao yenye inaitwa estrojeni inasaidia figo kutupa aside uriki. Juu ya ile, mbele ya mwezi kukoma, aside ya wanamuke inakuwa chini kuliko ya wanaume. Hata munganga wa zamani wa Ugiriki, Hippocrates, zaidi ya miaka 2000 imepita, aliona kama wanamuke hawapate gute wakati mwezi wao haujakoma.

Wachimbaji wataelewa mbio. Maji ikijaa mu galeri, kuko mambo mbili: ao maji imeingia mingi, ao pompe imeharibika. Watu wanapenda kuzungumuzia maji, ni kusema chakula na pombe. Kwa mwanamuke kijana, mwenye mwili wake uko na ule mulinzi, tuangalie pompe kwanza. Na pompe ni figo.

Nini inaharibu ama kuchokesha figo za mwanamuke wa miaka 25 ao 35 mu miji yetu? Tuseme moja kwa moja.

Ya kwanza ni tansio, damu yenye kupanda. Wamama wamoja walipata tansio wakati wa mimba, miguu ikavimba, mukojo ukaonekana na protini. Walizaa, mutoto iko muzima, Mungu asifiwe, na hakuna mutu alipima tena. Lakini wanamuke wale wako na hatari kubwa kuliko wengine ya kupata tansio na ugonjwa wa figo kisha miaka. Figo zenye kuumia haziwezi kutupa aside uriki muzuri. Kwa hiyo, tansio ya mimba yenye imesahaulika inaweza kurudia kwa jina lingine, ku kidole cha muguu.

Ya pili ni dawa. Furosemide na hydrochlorothiazide, zile dawa za kukojolesha zenye wanganga wanatoa juu ya tansio ao moyo, zinapandisha aside uriki. Munganga akiziandika, ni juu ya sababu, na mutu asiziache peke yake. Lakini kuko wadada wenye wanazinunua bila karatasi juu ya kupunguza kuvimba ao uzito. Kuko pia pyrazinamide, dawa yenye mugonjwa wa kifua kikuu anakunywa miezi ya kwanza mbili: ile inafunga mulango wa aside uriki ku figo. Katika familia za mine, kifua kikuu si mugeni. Tunasema wazi: mutu asiache dawa za kifua kikuu juu ya maumivu ya viungo. Arudie ku centre ya afya, aeleze, watajua namna ya kufanya. Kifua kikuu chenye dawa zake zimekatwa katikati kinaua.

Ya tatu, hapa tutakwaza wamoja, ni vitu vya urembo. Krème za kujitakatisha ngozi zenye kuwa na zebaki zinapitisha ile sumu mu ngozi mpaka mu figo. Na dexamethasone, yenye wadada wanakunywa juu ya kunenepa na kujaza mashavu, inapandisha tansio na sukari mu damu, na kilo zenye inaongeza si kilo za afya. Mwili wenye uzito kupita kiasi unatengeneza aside uriki mingi, na tena figo zake zinaitupa polepole. Hatusemi haya juu ya kulaumu. Tunasema juu wale wenye kuuza hawaseme.

Ya ine ni risasi, ile madini wanaita plomb. Hapa njo tunakaribia kazi yetu wenyewe. Risasi inaharibu figo na inazuia kutupwa kwa aside uriki. Wanganga wanajua gute ya risasi tangu karne mingi. Ku Marekani, watu wenye walikunywa pombe ya kienyeji yenye kupikwa na radiateri za zamani za motokari, zenye kuungwa na risasi, walipata gute na figo zikafa. Wenye kupika lutuku wafikiri vizuri juu ya vyombo vyao na mipira yao: chuma cha zamani chenye kuungwa na risasi hakifae kupikia kitu chenye kunywewa.

Na udongo wetu je? Mu mwaka wa 2009, watafiti wa Université de Lubumbashi pamoja na wa Leuven, ku Ubelgiji, walitangaza vipimo vya mukojo wa watu 351 wa Katanga. Wenye kuishi chini ya kilometre 3 na mine ao viwanda vya kuyeyusha madini walikuwa na kobalti, risasi, kadmiumu, arseniki na uraniumu mingi kuliko wenye kuishi mbali. Hatusemi kama kobalti inaleta gute. Ile haijulikane hivyo. Lakini risasi na kadmiumu zinaumiza figo, ile inajulikana. Ng'ambo ya mupaka, Kabwe ku Zambia, mine ya risasi ilifungwa mu 1994, na mpaka leo vumbi yake ingali inaingia mu damu ya watoto. Tuchukue fundisho.

Mwanamuke hashuke sana mu shimo, lakini shimo linamufuata. Anafua ovaroli ya bwana. Anasafisha na kuchagua mawe ku mto, miguu mu maji, mutoto ku mugongo. Anafagia vumbi ya barabara ya makamioni. Na wakati ana mimba, anakula pemba. Udongo wa kula, mu inchi mingi wenye waliupima, walikuta risasi ndani, na risasi ya mama inapita kwa mutoto mu tumbo. Tunajua hamu ya pemba ni kali, na mara ingine ni alama ya kukosa damu. Kwa hiyo mama aende aseme ku CPN, wamupime damu, wamupe dawa ya chuma kama inahitajika. Ni muzuri kuliko kununua udongo ku soko.

Ya tano ni jamaa. Kama mu familia kuko watu wenye figo zao zilikufa mbele ya miaka 40, ao wengi wenye gute wangali vijana, inaweza kuwa ni ugonjwa wa figo wa kurithi. Tena, mugonjwa wa drepanositoze, mwenye chembe zake nyekundu zinavunjika bila kukoma, iko na aside uriki mingi na figo zenye kuchoka. Kwake maumivu ya viungo inaweza kuwa krize yake ya kawaida, lakini munganga asisahau kuangalia ile ingine.

Sasa tuzungumuzie ile «maji», chakula na vinywaji, juu tusiseme hapana maneno yake. Nyama ya ndani sawa maini na figo za ng'ombe, samaki wadogo wa kukausha, na bia, vyote vinapandisha aside uriki. Sucré pia! Wengi hawajui ile. Mu mwaka wa 2010 watafiti wa Marekani walitangaza matokeo ya wanamuke karibu 79.000 wenye walifuatwa miaka 22: wale wenye kunywa chupa moja ya sucré kila siku walikuwa na hatari ya gute zaidi kwa 74 juu ya mia kuliko wale wenye hawakunywa hata moja kwa mwezi. Gute ilibakia nadra hata kati yao, lakini inaonyesha kama sukari ya vinywaji haina rafiki. Dada mwenye anajisifu «mie sikunywe bia, nakunywa tu sucré», asikie hapa.

Lakini tunakataa wale wenye kutoka ku hospitali na liste ya kukataza kila kitu. Wanaambia mama wa familia: acha ndakala, acha nyama, acha maharagwe, acha sombe. Atakula nini na bukari yake? Maharagwe na majani ya mboga hayakuonekana kuongeza gute. Ndakala apunguze, asijaze sahani kila siku, ile inatosha. Mutu maskini asinyimwe protini yake ya bei ya chini juu ya ugonjwa wenye chanzo chake kiko mu figo. Chakula peke yake kinashusha aside kidogo tu.

Na sasa tufike ku kosa lenye linatuuma zaidi: sindano ya famasi. Diclofenac, ibuprofen, indometacine, zote zinatuliza maumivu, ni kweli. Lakini zote zinaweza kuumiza figo, zaidi sana figo zenye zilianza kuugua, zaidi sana wakati mutu hakunywe maji ya kutosha. Angalia sasa: mwanamuke anapata gute juu figo zake ziko mubaya, tunamupa dawa yenye inaongeza ubaya wa figo, maumivu inaisha, tunasema amepona, kisha miezi mitatu inarudia, tunapiga ingine. Kila sindano inakanyaga mguu mule mule. Mwisho, siku moja, anavimba uso, anatapika, anapelekwa hospitali kubwa, na wanasema: dialize. Dialize ni mara tatu kila juma, ku muji mukubwa, na bei yake inauzisha nyumba.

Dawa ya gute iko. Wakati wa krize, munganga anaweza kutoa colchicine kwa kipimo kidogo, ao prednisolone siku chache, kufuatana na hali ya figo. Kisha, kama inahitajika, kuko allopurinol, ya kila siku, yenye inaanza na kipimo kidogo na kupanda polepole, mpaka aside iwe chini ya miligramu 6 mu desilita. Si dawa ya kukunywa juma moja na kuacha. Ngozi ikianza kutoka vipele, mutu aache mara moja na akimbilie kwa munganga. Na mwanamuke mwenye mimba ao mwenye kutafuta mimba, aseme mbele ya kupewa kitu chochote.

Tuongeze neno la busara. Si kila muguu wenye kuvimba ni gute. Kwa wanamuke vijana, kuko magonjwa mengine ya viungo yenye yanaonekana mara mingi kuliko gute. Na kiungo chenye kuvimba pamoja na homa kali kinaweza kuwa na usaha ndani: pale hakuna kungojea kesho, ni hospitali usiku ule ule.

Tunajua watu watatujibu nini. Watasema: «Malaria inaua, kifua kikuu inaua, galeri inaanguka, na ninyi munatuletea kidole cha muguu?» Tunajibu: hatuombe hospitali ya kipekee. Tunaomba vitu vine. Kupima tansio. Kupima mukojo na ule ukanda wenye unabadilisha rangi. Kupima kreatinini, yenye inaonyesha figo ziko namna gani. Kupima aside uriki, na kuipima tena kisha majuma mbili ao tatu, juu wakati wa krize inaweza kuonekana ya kawaida na kudanganya. Ile ya ine haitafute mashine ya Ulaya. Bei yake yote haifike ile ya kuchelewa.

Watasema tena: «Nani atalipa?» Sheria inajua. Code du travail ya inchi yetu, sheria namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inadai mwenye kuajiri atoe matunzo ya munganga kwa mufanyakazi na familia yake. Haikuandikwa «mufanyakazi peke yake». Haikuandikwa «malaria tu». Lakini tunaona kazi ya leo imekatwa vipande: kampani kubwa, chini yake kampani ndogo, chini yake ingine tena, na ule wa mwisho anampa mutu karatasi ya mukataba wa miezi mitatu na kumuambia muke wake hayuko ku liste. Wazee wetu walikuwa wanasema kazi njo baba, kazi njo mama. Hatutake kurudia ile wakati yote, ilikuwa na uzito wake pia. Lakini mama mwenye kufua vumbi ya kazi bila mushahara, asikataliwe kipimo cha damu na ile kazi.

Wasindika wachukue neno hili siku wanakaa ku meza na wakubwa: vipimo vya figo kwa wamama wa familia viandikwe mu bon ya matunzo. Kwa wachimbaji wa mukono, wenye hawana mwenye kuajiri, koperative iko. Ile inakata pesa ku kila mufuko juu ya mambo mingi. Ikate kidogo juu ya mituelle ya afya, na hesabu isomwe mbele ya wote.

Na sisi wenyewe, ku nyumba, kuko yenye hatungojee mutu. Ovaroli ifuliwe peke yake, isichanganywe na nguo za mutoto, na ilowane na maji mbele ya kukungutwa. Bwana aoge na kubadilisha nguo ku kazi kama kuko nafasi, mbele ya kubeba mutoto. Mama mwenye alipata tansio ya mimba apimwe tansio kila mwaka. Mwenye kwenda kwa munganga achukue dawa zake zote mu sachet, na krème pia, bila haya, aziweke ku meza: «Docteur, njo hizi natumia.» Na munganga asicheke. Aulize: unakula pemba? unafanya kazi ya kusafisha mawe? mu familia yenu kuko mwenye figo zilikufa? Ni maulizo matatu, haifike dakika kumi.

Kwa wanaume tuko na neno moja la mwisho. Siku muke wako analia na kidole cha muguu, usianze kuuliza alikunywa wapi wala alikanyaga kwa nani. Ukimupeleka kwa muganguzi, mama-mukwe atachukiwa, watoto watagawanyika, na figo zitaendelea kufa kimya. Figo haziumi mutu mbele ya kuharibika. Mara chache sana zinapata kitu cha kusema kwa niaba yao, na kidole cha muguu ni kimoja kati ya vile. Mupeleke apimwe.